Nilivyomzika Mbunge wa Zamani Kule Pearland

Mwanamume aliyemtoa Baba nyumbani alikuwa amekufa kabla Texas haijawa sehemu ya Marekani. Mimi sikumtafuta. Nilipewa na mwalimu wa historia, ambaye kazi yake hasa ni kocha wa futiboli, ile yao ya kuvaa kofia ngumu na kugongana kama kondoo dume. Historia anaifundisha kwa sababu shule haiwezi kumlipa mtu akae bure hadi saa ya mazoezi.

Alipitisha kofia darasani imejaa vikaratasi. Wenzangu wakatoa marais na majenerali. Mimi nikatoa mtu ambaye hata kocha alilisoma jina lake mara mbili, akakuna kichwa: mbunge wa Kongresi katika zile za mwanzo kabisa, mkulima, mtu wa kusini. Kazi ilikuwa moja: simulia maisha yake mbele ya darasa kwa maneno yako mwenyewe.

Maktaba ilikuwa na kitabu kimoja tu kilichomtaja. Alizaliwa shambani, akarithi shamba, akapigana vita kidogo, kisha wenzake wakamchagua aende kuwatungia sheria. Alipanda farasi akaenda mji mkuu, akakaa huko miezi, akarudi, akaenda tena. Kulikuwa na picha yake ya kuchorwa: tumbo mbele, mkono juu ya kitabu, na nyuma yake dirishani shamba la tumbaku limenyooka kama limechanwa na kitana. Nilimwangalia mikono. Ilikuwa laini kama ya pasta.

Kitabu hicho nilikiacha mezani jikoni, Euless, karibu na Dallas, katika nyumba yetu ya kupanga ambayo ndege hupita juu yake karibu sana hata sisi hunyamaza katikati ya sentensi, tukangoja, kisha tukaendelea pale pale. Baba alirudi kutoka kazini na koti lake la kung'aa. Huendesha, au tuseme aliendesha, kile kigari kinachovuta mizigo ya abiria uwanja wa ndege. Kule nyumbani, Kitale, alikuwa mkulima wa mahindi, na aliwahi kuwania udiwani akashindwa. Yeye husema aliibiwa. Hajawahi kusema ameshindwa kitu chochote, hata karata.

Akakifungua kitabu akiwa bado amesimama. Akasoma. Akavuta kiti.

"Mkulima," akasema, "na mbunge. Mtu mmoja!"

Ungedhani ameambiwa dawa ya ukimwi imepatikana.

"Baba, angalia mikono," nikamwambia. "Hiyo haijashika jembe."

"Wewe unajua nini kuhusu jembe? Wewe ukiona udongo unauliza uko rafu gani dukani."

"Kitabu chenyewe kinasema alikuwa na watumwa."

"Nyakati zile zilikuwa nyakati zile." Akafunua ukurasa. "Unaona? Aliacha shamba akaenda kuwatumikia watu. Aliacha!"

Mama alikuwa amesimama kwenye sinki, bado na sare yake ya makao ya wazee. Hakugeuka. Mimi nilimwona mabega.

Sasa lazima niseme habari ya Mama, maana hapo ndipo penye uchungu wenyewe. Mama huwaosha wazee wa watu, huwageuza kitandani, huwalisha, na muuguzi aliyemzidi karatasi tu humwita kwa kidole. Alitaka kuwa muuguzi. Kwa hiyo alikuwa akisoma masomo ya utangulizi darasa moja moja, pembeni pembeni, kama mtu anayekula ugali wa moto. Mwaka huo akamaliza, akaomba nafasi chuoni, akapata. Angeanza Januari. Masomo ni ya mchana, kutwa, na huwezi kufanya zamu mbili huku unasoma miili ya watu. Hesabu yake ilikuwa rahisi hata kaka yangu mdogo aliielewa: Baba angeshika nyumba, Mama angeshika kitabu. Baba alikubali. Alikubali mbele yetu, mdomo umejaa chapati, lakini alikubali.

Kisha simu zikaanza kuingia kutoka nyumbani. Uchaguzi mkuu wa Kenya mwaka huo ulikuwa Desemba. Kiti cha ubunge cha kwetu kilikuwa wazi. Watu wanamtaka, akasema. Watu gani? Watu. Nilimuuliza kama ni wale wale waliomwibia udiwani, akanitazama kwa namna iliyonifanya nikumbuke nina kazi ya hisabati.

"Na Januari?" Mama akauliza.

"Januari nitakuwa nimeapishwa. Utasoma unapotaka. Utasoma hata Nairobi."

"Nafasi yangu iko hapa."

"Nafasi haiozi, Mama Watoto. Kiti ndicho kinachooza. Miaka mitano!" Akagonga kitabu changu cha maktaba kwa kidole. "Huyu mtu angengoja mkewe amalize shule, Marekani ingekuwa wapi?"

Nikatamani kumwambia mkewe huyo mtu hakuwa na shule ya kumaliza. Ndege ikapita. Tukanyamaza wote. Ilipokwisha kupita, hakuna aliyeendelea.

Nikamsoma yule mbunge usiku ule na siku zilizofuata kwa chuki, na chuki ni mwalimu mzuri, heri kuliko kocha. Kitabu kilimpa mkewe sentensi moja: kwamba mume alipokuwa mji mkuu, yeye "aliendesha mambo ya shamba". Mambo ya shamba! Kurasa kadhaa mbele, kwenye habari za makaburi, niliona kwamba baadhi ya watoto wao walikufa baba yao akiwa bungeni. Yaani huyo mama aliwazika, akarudi kuangalia tumbaku. Na waliolima tumbaku yenyewe walipewa maneno matatu: "pamoja na watumwa". Ng'ombe wake mmoja, dume la kushinda mashindano, alikuwa na jina. Watu hawakuwa nalo.

Niliposhika kalamu kuandika, nikakwama. Maisha ya mtu yanaanzaje? Mimi nilikuja Texas nikiwa mdogo, na maisha ya watu niliyowahi kusikia yakisomwa kwa sauti ni ya aina moja tu. Mkenya akifa Dallas, tunakodi ukumbi wa kanisa. Tunagawa karatasi zenye picha ya rangi. Halafu mtu mwenye sauti anasimama na kusoma wasifu: marehemu alizaliwa wapi, alisoma wapi, alibatizwa, alioa, aliugua, ameacha nani. Nimesikia nyingi mno hata naweza kukutungia ya kwako ukiwa bado unakula. Basi nikamwandikia mbunge hivyo. Sikuona kosa. Alikuwa marehemu kweli.

Darasani nilivaa nguo nyeusi, nikasimama, nikainamisha kichwa. Nikawaambia kwa Kiingereza cha huzuni kwamba marehemu alizaliwa shambani na kulelewa katika njia za Mungu na tumbaku. Kwamba aliitwa kwenye makao ya juu, yaani Kongresi, akaitika. Kwamba ameacha mjane aliyelima, watoto aliowaona wakiwa likizo, dume mmoja mwenye jina, na watu wengi wasio na jina ambao leo hawakupewa ruhusa ya kuhudhuria. Nikawaomba wasimame tuimbe. Watatu walisimama kweli, na mmoja wao ni mchezaji wa kocha.

Kocha akacheka mpaka akashika filimbi. Baadaye akauliza, "Hivi ndivyo mnavyofanya kwenu?"

"Ndiyo, bwana. Kwetu hatumsomei mtu maisha yake mpaka tuhakikishe hawezi kubisha."

Akanipa alama nzuri. Kaka yangu mdogo, ambaye yuko shule ya chini lakini habari za shule yetu humfikia kabla ya sisi wenyewe, akamwambia Baba kwa Kiingereza kwamba nimewafanya watu wasimame.

"Wakasimama?" Baba akang'aa. "Kwa ajili ya mbunge wetu?"

Mbunge wetu! Alikuwa ameshamfanya shemeji.

Hapo ndipo alipoamua nitaisoma Pearland. Shangazi, dada yake Baba, anaishi huko, kusini mwa Houston. Ni muuguzi katika hospitali kubwa za mjini, ana nyumba yake, ana gereji ya magari mawili, na ana sauti ya mtu mwenye gereji ya magari mawili. Yeye ndiye aliyeandaa hafla ya kumsindikiza Baba. Watu wa kwetu wangetoka Houston yote, na sisi tungeshuka kutoka Euless. Baba angepandia ndege huko huko.

"Utaisoma kwa Kiswahili," akaniambia. "Watu waone kwamba hata Marekani ilijengwa na wakulima walioenda bungeni."

"Baba, ni vizuri uisikie kwanza."

"Mwalimu ameipitisha?"

"Ameipitisha, lakini..."

"Basi. Historia ni historia."

Nilimwambia mara nyingine tukiwa tunapakia gari. Akasema nisimharibie siku kwa unyenyekevu. Kusema kweli, katika maisha yangu hakuna mtu mwingine aliyewahi kunishtaki kwa unyenyekevu.

Tulisafiri Jumamosi asubuhi. Mama alikuwa ametoka zamu, akalala kiti cha mbele na sare yake, mdomo wazi kidogo, kutoka Dallas mpaka tulipoanza kuona mabango ya Houston. Baba aliendesha akifanya mazoezi ya hotuba chini chini. Kila mara aliposema "wananchi wenzangu" alitazama kioo, na kwenye kioo tulikuwamo mimi na kaka yangu tunakula viazi vya pakiti.

Kwa Shangazi nyama ilikuwa inachomwa uani na viti vya kukunja vilikuwa vimejaza gereji. Kuna desturi ambayo wazee wetu waliibeba mpaka Texas bila kuilipia mzigo: mgombea hatoki mpaka mkewe asimame mbele ya watu aseme amemtoa. Asiposema, inakuwa mtu ameondoka kwa ugomvi, na nani atampigia kura mtu ambaye hata kwake hakupigiwa? Ndiyo maana Shangazi alimvuta Mama jikoni kabla hata hajabadilisha sare. Mimi nilikuwa hapo nakata kachumbari, na vitunguu vilinipa kisingizio kizuri cha uso wangu.

"Wifi, ni neno moja tu. 'Nimemtoa kwa watu.' Halafu unakaa, tunapiga vigelegele, tunakula."

"Na shule yangu?"

"Shule haiendi popote. Hata mimi nilisubiri."

"Wewe ulisoma bwana yako yuko nyumbani anaogesha watoto."

Shangazi akafungua friji, akaifunga bila kutoa kitu. "Usimfunge ndugu yangu, wifi. Mwanamume akifungwa anaoza."

"Kwenu kila kitu kinaoza isipokuwa nafasi yangu," Mama akasema, akaenda kubadilisha nguo.

Nikajua basi kwamba kama neno lile halitatoka, kuna mtu mmoja atakayeanza masomo Januari. Nikaosha mikono. Nikachukua karatasi yangu.

Mwenyekiti wa chama chetu cha mazishi, mzee mwenye suti ya kahawia, ndiye aliyekuwa na kipaza sauti, maana ndiye mwenye kipaza sauti. Akaomba dua, akataja wageni wote kwa vyeo mpaka nyama ikaanza kuungua, kisha akaniita: "Binti yetu atatusomea historia ya mkulima aliyekwenda bungeni!" Makofi. Baba amesimama kando yake, suti mpya, bado na mkunjo wa dukani.

Nikasoma. "Marehemu alizaliwa shambani..."

Ajabu ya watu wetu ni kwamba miili yao inajua kabla ya vichwa vyao. Wanawake wa safu ya mbele wakaweka mikono mapajani. Mzee mmoja akavua kofia. Nilipofika "akaitwa, naye akaitika," bibi mmoja nyuma akasema, "Bwana alitoa," na mwingine akamalizia, "Bwana ametwaa." Sikuwa nimewaomba. Nikaendelea. Nikasoma jinsi marehemu alivyopanda farasi huku mahindi, samahani, tumbaku, ikiwa bado changa. Nikasoma kwamba mkewe alibaki, akapanda, akavuna, akauza, akazika watoto wao, naye marehemu akiwa mbali anatunga sheria za watu huru. Nikasoma kuhusu wale wasio na jina waliomlimia mkulima huyu hodari kilimo chake chote. "Ameacha mjane," nikasema, na gereji nzima ikaguna ule mguno wa msibani, mmmh, wa chini, wa pamoja.

"Ni msiba wa nani huu?" mwenyekiti akaninong'oneza, kipaza sauti kikiwa mdomoni mwake.

Hakuna aliyecheka. Kila mtu alikuwa anamtazama Baba. Yaani walimtazama vile tunavyoitazama ile picha ya rangi.

Baba akanipokonya karatasi kwa tabasamu. "Huyu mtoto wangu ni mchekeshaji," akasema. "Hata mochari angeuza tiketi. Sasa, sasa, Mama Watoto!"

Mama akasimama. Alikuwa amevaa lile gauni la kijani la harusi za watu. Mwenyekiti akampa kipaza sauti, naye akakishika kwa mikono miwili kama kikombe cha uji. Nilimwona Baba akimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu kile kitabu kiingie kwetu, aliogopa. Sikuwa nimewahi kumwona akimwogopa Mama. Nilifurahi. Nikafikiri, sasa.

Mama akamtazama Baba. Akatutazama mimi na kaka yangu.

"Nimesikia wasifu," akasema. "Poleni na safari, nyote mliotoka mbali. Chakula kiko tayari."

Akarudisha kipaza sauti. Akakaa.

Hilo tu. Hakusema amemtoa. Nilisikia vizuri, masikio yangu ni mazima. Lakini mwenyekiti alikuwa na njaa, na Shangazi alikuwa na mapafu. "Mama ametoa!" mwenyekiti akanguruma, na Shangazi akapiga kigelegele kirefu kilichofunika kila kitu, wengine wakadakia, na watu wakainuka kwenda kwenye nyama, wamefarijika kama watu waliotoka makaburini salama. Hivyo ndivyo Mama alivyosema neno ambalo hakulisema. Mpaka leo ukiwauliza waliokuwepo watakuapia walilisikia.

Baba alinikuta uani nyuma ya jiko la kuchomea.

"Umenizika mbele ya watu."

"Nilikuambia uisikie kwanza."

"Hukuweza kumwandika kama mtu aliye hai?"

"Kitabu kinasema alikufa, Baba."

Akainua mkono. Nikangoja. Mkono ukashuka, ukachukua kipande cha nyama. "Utaona," akasema akitafuna. "Nikirudi na bendera kwenye gari, utaona."

Tuliporudi, Mama ndiye aliyeendesha. Kaka yangu alilala. Tulikuwa tumeiacha Houston nyuma, barabara imenyooka, pande zote mbili malisho na ng'ombe wa watu.

"Yule mama," akasema ghafla. "Mke wa yule mtu. Alikuwa anaitwa nani?"

"Kitabu kinasema 'mkewe'."

"Baada ya mume kufa, shamba alipewa nani?"

"Mtoto wa kiume."

Akaguna. Tulifika Euless bila neno lingine, na kwa kuwa mimi ni mtu wa maneno, safari hiyo ilikuwa adhabu tosha.

Baba alishindwa kwenye mchujo wa chama. Hata uchaguzi wenyewe hakuufikia. Hupiga simu Jumapili, husema ameibiwa, husema anajipanga upya, hawezi kuondoka sasa na kuwaachia wezi uwanja. Shamba ameanza kulima tena, asema. Nilimuuliza analima yeye mwenyewe au ameajiri watu. Laini ikakatika. Laini za Kitale zina akili sana.

Mama alingoja mpaka wiki ya mwisho kabla ya masomo. Nadhani alikuwa anasikiliza mlango. Kisha alasiri moja, amevaa sare tayari kwa zamu aliyoiongeza, akanipa simu ya jikoni. Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha wengi wa wale anaowageuza kitandani, lakini watu wa ofisini humwambia arudie, arudie, na neno lile hakutaka kulirudia.

Nikampigia mama mmoja wa ofisi ya chuo. Nikamwambia mwanafunzi wake hataanza. Akauliza sababu.

"Anataka sababu," nikamwambia Mama.

"Sema mambo ya familia."

Nikasema. Yule mama akasema pole, akabonyezabonyeza kompyuta yake, kisha sauti yake ikachangamka. Alisema kuna mwanamke mwingine kwenye foleni ambaye amekuwa akipiga simu kila wiki. Ataipata nafasi hiyo leo leo. Atafurahi sana huyo, akasema, hujui tu! Nikamshukuru. Sijui kwa nini nilimshukuru.

"Amesema nini?" Mama akauliza.

"Kuna mwanamke mwingine ataichukua."

Mama alikuwa anafunga kamba za viatu, vile vyeupe vya kazini. Akakaa akiwa ameinama hivyo hivyo.

"Ana watoto?"

"Sikuuliza."

"Ana mume?"

"Mama, sikuuliza."

Akamaliza kamba ya pili, akaivuta ikakaza. Akasema kuna wali kwenye sufuria, nimpashie mtoto, nisimpe soda. Akatoka.